Unapimaje moto wa injini ya setilaiti bila kuugusa? Uzi wa plazma, leza na mwanga

Mwanga_wa_Tengeru (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna kijana kaniuliza kwenye uzi wa Starlink: setilaiti ikishaachwa na roketi inajisogezaje, na waliotengeneza injini yake wanajuaje kinachoendelea ndani? Sehemu ya kwanza imejibiwa mara nyingi humu. Ya pili sijaona mtu akiigusa, na kwangu ndiyo tamu zaidi, hivyo nimeona niifungulie uzi wake. Ni mrefu, vuta kiti.

Kwa wageni, kwa kifupi. Setilaiti nyingi za sasa zikiwa juu hazichomi mafuta. Zinachukua umeme wa jua na kuutumia kurusha gesi kwa kasi kubwa. Injini inayotumika sana inaitwa injini ya Hall. Ina mfereji wa duara uliozungushiwa kauri, kwa kawaida nitridi ya boroni. Gesi, mara nyingi zenoni, inaingilia nyuma kwenye anodi, yaani ncha chanya ya umeme. Karibu na mdomo kuna uga sumaku unaozinasa elektroni, zikawa zinazunguka mfereji badala ya kukimbilia anodi. Zikizunguka hivyo zinagonga atomi za gesi na kuzipokonya elektroni, na atomi iliyopokonywa inakuwa ioni. Ioni ni nzito, ule uga sumaku hauisumbui sana, kwa hiyo umeme unaisukuma moja kwa moja hadi nje. Kwa volti 300, zenoni inatoka kwa karibu kilomita 21 kwa sekunda. Huo mchanganyiko wa ioni na elektroni ndio plazma.

Nguvu yake ni ndogo ajabu. SPT-100 ya Warusi inakula kilowati 1.35 na kusukuma kwa milinewtoni 83, yaani karatasi mbili za A4 zikilala kiganjani zinakulemea zaidi. Lakini inasukuma miezi bila kupumzika. Mwaka 2010 setilaiti ya jeshi la Marekani, AEHF-1, injini yake kubwa iligoma ikiwa bado chini ya njia yake. Ikapandishwa taratibu kwa injini ndogo, zikiwemo za Hall, ikafika Oktoba 2011. Ilichukua zaidi ya mwaka, ila ilifika.

Sasa kupima. Ukitaka kujua elektroni zina joto gani, zimesongamana kiasi gani, na volti ya plazma ni ngapi mahali fulani, njia ya tangu enzi za Irving Langmuir, miaka ya 1920, ni kuingiza waya mwembamba, kuubadilishia volti na kusoma mkondo unaopita. Hiyo ni probu ya Langmuir. Ni rahisi, ni bei nafuu, na nje ya injini, mbali kidogo na mdomo, inafanya kazi safi.

Shida inaanzia ndani ya mfereji. Elektroni mle zina joto la makumi ya elektroni-volti, na elektroni-volti moja ni kama nyuzi 11,600 za Kelvin. Waya unaungua. Kauri inayoushikilia inatema elektroni na chembe zake ndani ya plazma. Na mfereji wenyewe, kwa injini ya ukubwa huu, una upana wa sentimita moja au mbili tu. Ukichomeka kitu mle, injini inabadili tabia: mkondo unabadilika, na eneo ambapo ioni zinaongezwa kasi linahama. Unachopima ni injini iliyochomekwa waya, na injini ya namna hiyo hakuna anayeirusha.

Wenzetu wa Michigan, James Haas na Alec Gallimore, walijaribu ujanja wa kasi: probu inaingia na kutoka ndani ya karibu sehemu ya kumi ya sekunda, kabla haijaungua. Iliwapa data nzuri na ya thamani. Baadaye watu wa JPL, maabara ya NASA, walichunguza ujanja huohuo na kukuta kwamba hata uwahi vipi, plazma inakuwa imeshajua kuwa kuna mgeni.

Kwa hiyo watu wakageukia mwanga. Plazma inawaka yenyewe, na kila rangi inayotoka ina habari. Au unaipiga leza halafu unasikiliza inajibu nini. Nimepanga kueleza njia tatu nne, ila nisije nikawachosha kwa mkupuo mmoja. Ulizeni, tutazipitia humohumo.

Chalii_wa_Ngarenaro

Aisee, naweka kambi hapa. Chuga tunashusha nondo kimyakimya.

Swali la kijinga tu: si waweke kamera waangalie? Na kama shida ni kupata mahali pasipo na hewa, tupande nayo Kibo.

Mwanga_wa_Tengeru

Ha ha, kule juu kwa mita 5,895 bado kuna karibu nusu ya hewa ya usawa wa bahari. Injini hii inataka shinikizo lililo chini hata ya sehemu moja ya milioni kumi ya hilo, ndiyo maana inapimwa ndani ya tangi la ombwe lenye pampu za maana.

Kamera zinatumika. Za kasi kubwa, za picha makumi ya maelfu kwa sekunda. Zimeonyesha kwamba plazma "inahema": gesi inajaa, inageuzwa ioni yote, inaisha, inajaa tena, mara 10,000 hadi 30,000 kwa sekunda. Zimeonyesha pia mapande ya mwanga yanayozunguka mfereji. Ila kamera haikwambii ioni inakimbia kasi gani wala elektroni zina joto gani. Kwa hilo unahitaji kuuchambua mwanga rangi kwa rangi.

FundiArgoni_UngaLtd

Mkuu mimi nachomelea aluminiamu na chuma cha pua kwa TIG hapa Unga Limited, gesi yangu ni argoni kila siku. Ule moto wa TIG si ndio plazma hiyohiyo? Maana nikiwaza, nina argoni, nina umeme, nina plazma. Kumbe nina injini ya setilaiti dukani na sijui!

Swali la ukweli lakini: ukichukua spektromita ukailenga kwenye moto wangu, unaweza kusema una joto gani?

Mwanga_wa_Tengeru

Fundi, hili swali ndilo nililokuwa nalingoja, maana linagusa kiini cha mada.

Kwanza, argoni yako imepanda cheo. Starlink walianza na kriptoni, na setilaiti zao za 2023 zikahamia argoni: kilowati 4.2, milinewtoni 170 kwa takwimu walizotoa wenyewe. Sababu ni bei. Argoni ni karibu asilimia moja ya hewa tunayovuta. Zenoni haifiki sehemu moja kati ya milioni kumi.

Sasa moto wako. Ndiyo, unapimika, na ni rahisi kuliko injini. Sababu ni msongamano. Moto wa TIG unawaka kwenye hewa ya kawaida, chembe zimebanana, elektroni na atomi zinagongana mfululizo hadi zinagawana joto. Zote zinakuwa na joto karibu moja, maelfu mengi ya nyuzi. Hapo unachukua mistari kadhaa ya argoni, yaani rangi zake mahususi, kila moja ikitajwa kwa urefu wa wimbi lake, mfano ile ya nanomita 750.4, 763.5 na 811.5, unalinganisha nguvu zake, unapiga mahesabu ya Boltzmann yanayounganisha nguvu hizo na joto, na joto linatoka. Fizikia ya mwaka wa pili chuoni.

Injini ya Hall haina usawa huo. Elektroni zina joto la laki kadhaa za nyuzi, gesi iliyo pembeni yake ina mamia au elfu moja hivi, na hazina muda wa kugawana chochote kwa sababu chembe ziko mbalimbali. Kwa hiyo ukipiga mahesabu yaleyale ya TIG unapata namba nzuri, ina desimali, na haina maana yoyote. Nimeiona kosa hili hata kwenye kazi za watu wenye vyeti.

Kinachofanyika ni kujenga modeli inayofuatilia kila njia inayoweza kuifanya atomi iwake: imegongwa na elektroni ikiwa imetulia? Imegongwa ikiwa tayari iko kwenye hali ya juu ya kungojangoja, ambayo haiwezi kushuka yenyewe kwa urahisi? Imegongwa na ioni? Kila njia ina uwezekano wake uliopimwa maabara. Kwa zenoni, kundi la Karabadzhak, Chiu na Dressler lilichapisha modeli ya namna hiyo mwaka 2006, na mistari inayotumika sana ni miwili iliyo jirani, nanomita 823.2 na 828.0. Uwiano wa nguvu za hiyo miwili unakupa joto la elektroni. Uzuri wa mistari jirani ni kwamba dirisha likichafuka kidogo, linaichafua yote miwili kwa kiasi kinachokaribiana, na uwiano haupotei sana.

Kwa hiyo spektromita ni ileile. Tofauti kubwa iko kwenye kichwa cha anayesoma.

MamaVito_ClockTower

Habari zenu jamani. Mimi ni mtu wa vito, napima mawe mjini hapa. Sijui kitu kuhusu setilaiti ila spektroskopi ya mkononi ninayo kwenye mkoba. Rubi ukiitazama unaona mistari ya kromi kwenye nyekundu, kule karibu na 694. Hiyo ndiyo mnayoizungumzia au ni kitu kingine?

Mwanga_wa_Tengeru

Dada yangu, shikilia hapohapo kwenye 694, maana una historia mkobani.

Ile namba 694.3 ndiyo rangi ya leza ya rubi, leza ya kwanza duniani, mwaka 1960. Rubi yake ni ya kutengenezwa, wala haikuchimbwa Longido, ila kromi ni kromi. Na leza ya rubi ndiyo iliyomaliza ubishi mkubwa wa plazma. Mwishoni mwa miaka ya 60 Warusi walisema mashine yao ya muungano wa nyuklia, T-3 pale Moscow, imefikisha elektroni kwenye joto la karibu nyuzi milioni kumi. Wamagharibi hawakuamini, wakasema vipimo vyao vina kasoro. Basi mwaka 1969, katikati ya vita baridi, kundi la Waingereza kutoka Culham likafunga safari hadi Moscow na tani kama tano za vifaa. Wakapitisha leza ya rubi ndani ya plazma na kukusanya mwanga uliotawanywa na elektroni. Warusi walikuwa sahihi.

Hiyo ndiyo njia ya mtawanyiko wa Thomson. Elektroni inaupokea mwanga na kuurudisha, na kwa kuwa inakimbia, rangi inayorudi imesogea kidogo. Elektroni zikiwa za moto zinakimbia kila upande, hivyo rangi moja iliyoingia inatoka imetanuka. Kwa leza ya kijani ya nanomita 532 na elektroni za elektroni-volti 10, ukitazama kwa pembe mraba, mtanuko ni karibu nanomita 5 kila upande. Ukipima upana umepata joto. Ukipima wingi wa mwanga umepata msongamano. Huhitaji modeli ya atomi yoyote, na kwangu hapo ndipo ubora wake ulipo.

Ila kwenye injini ya setilaiti ni mateso. Plazma yake ni nyepesi mara mia au zaidi kuliko ya mashine za nyuklia. Ukirusha fotoni (chembe za mwanga) trilioni moja zikapita kwenye sentimita moja ya plazma nene kabisa ya injini hii, inayotawanywa haifiki hata moja. Wakati huohuo mwanga wa leza unaogonga kuta na kurudi ni mwingi mno, na una rangi ileile ya leza. Kilichofungua mlango ni kichujio cha Bragg, kipande cha glasi kinachokata rangi ya leza peke yake kwa wembamba wa ajabu na kuacha zilizo jirani zipite. Mwaka 2018 Vincent, Tsikata na Mazouffre wa Orléans, Ufaransa, walichapisha kifaa chao cha namna hiyo.

Kwa hiyo swali lako: spektroskopi yako na hizi ni ukoo mmoja. Wewe unatazama rangi gani zimemezwa na jiwe, sisi tunatazama rangi gani zimetoka.

MamaVito_ClockTower

Asante sana kaka. Naendelea kusoma, sijaondoka.

Mzee_wa_Ombwe

Vijana, nimesoma yote. Mimi nimefanya kazi na matangi ya ombwe maisha yangu yote, nje na ndani ya nchi, sasa nimestaafu niko Moshi nalima ndizi. Naomba nitie mchanga kidogo kwenye huu mchele.

Mleta mada unaisifia leza kama haina dhambi. Mwanga wa kawaida unaokusanya kwa lenzi ni jumla ya kila kitu kilicho kwenye mstari wa macho yako, mbele na nyuma. Hujui umetoka wapi. Halafu hiyo njia ya kuchochea ioni kwa leza, ambayo bado hujaieleza, inaziona ioni zilizo kwenye hali moja tu maalumu. Zilizobaki hazionekani, nawe unadhania zinafanana na hizo. Probu inaunguza na kusumbua, sawa, lakini inakupa namba ya mahali ilipo. Na bei yake haifiki hata sehemu ya bei ya mlango wa hiyo maabara ya leza.

Tena dirisha. Injini inamomonyoa kila kitu mbele yake, na vumbi hilo linatua kwenye kioo chako. Saa chache tu umeshaanza kupima uchafu.

Mwanga_wa_Tengeru

Shikamoo mzee. Mchanga wako ni wa haki na nitaupepeta mmoja mmoja.

Mstari wa macho: kweli kabisa kwa mwanga wa kawaida. Kwa injini yenye umbo la duara unaweza kutazama kwa mistari mingi sambamba na kugeuza hesabu kwa njia ya Abel ili upate kila umbali kutoka katikati peke yake, ila inakuza makelele ya data, na plazma isipokuwa duara kamili inakudanganya. Kwa leza sivyo. Unapitisha leza kwa njia moja na kukusanya kwa lenzi kutoka njia nyingine, na kinachoonekana ni pale tu njia mbili zinapokatana, milimita moja hivi.

Ioni za hali moja: hapa nakupa pointi nzima, na watu wengi wanaokuja na picha za rangi kwenye mikutano hawaitaji. Kwa zenoni tunazichochea ioni zilizo kwenye hali ile ya kungojangoja kwa leza ya nanomita 834.7, isiyoonekana kwa macho, na zenyewe zinajibu kwa mwanga wa kijani wa 541.9. Ioni zilizozaliwa njiani zikiwa tayari kwenye eneo la kuongezwa kasi zina historia tofauti na zilizotoka nyuma. Ukisoma wastani wa kasi bila kutazama umbo zima la mgawanyo wake, unaweza kulisogeza eneo zima kwa milimita kadhaa bila kujua.

Lakini probu ina upofu wake ambao hautibiki kirahisi. Tangu zamani kulikuwa na fumbo: elektroni zinavuka uga sumaku kuelekea anodi haraka kuliko migongano ya kawaida inavyoruhusu. Mwaka 2004 Adam, Héron na Laval walionyesha kwa kompyuta kwamba kuna mawimbi madogo yanayozisaidia kuvuka, yenye urefu wa karibu milimita moja na masafa ya megahezi. Utaingiza probu gani kupima wimbi la milimita moja, wakati probu na kauri yake ni unene huohuo? Sedina Tsikata na wenzake Ufaransa waliyaona mawimbi hayo kwa mtawanyiko wa leza. Kwa waya ni kazi ngumu mno.

Dirisha: ndiyo, unalinda kwa pazia linalofunguka wakati wa kupima tu, unaweka kioo mbali, na unapima uwazi wake kabla na baada. Inachosha.

Msimamo wangu: nje kwenye mkia wa moto, tumia probu bila aibu. Ndani ya mfereji, mwanga. Na popote pale pawepo vipimo viwili visivyofanana udhaifu.

Mzee_wa_Ombwe

Marahaba. Hapo kwenye milimita moja sina la kubisha. Hapo kwenye "tumia probu bila aibu" nimefurahi.

Binti_Machame

Shikamooni wakubwa. Mimi niko mwaka wa tatu, fizikia. Nimejaribu kupiga hesabu ya hiyo 834.7. Ioni ikija upande wa leza kwa kilomita 21 kwa sekunda, rangi inasogea 834.7 × 21,000 ÷ 300,000,000, nimepata kama nanomita 0.058. Hiyo ni ndogo sana! Spektromita ya maabara yetu haitenganishi hata nusu nanomita. Wanaionaje? Na swali la pili, kutoka kasi wanapataje uga wa umeme bila kuingiza chochote?

Mwanga_wa_Tengeru

Binti, hesabu yako imekaa sawa. Na ndiyo maana hawaitazami kwa spektromita.

Ujanja ni kugeuza kazi. Leza ya diodi ina rangi nyembamba kupita kiasi na unaweza kuisogeza polepole. Unaisogeza kutoka upande mmoja wa 834.7 hadi mwingine, na kila hatua unauliza: zinajibu kwa kijani? Zinajibu pale tu rangi ya leza, kwa macho ya ioni inayokimbia, inapolingana na ile inayoitaka. Kwa hiyo leza ndiyo rula, na upande wa kupokea unahitaji kichujio cha 541.9 tu. Ukihesabu kwa masafa, kasi hiyo ni msogeo wa karibu gigahezi 25, na leza nzuri inatenganisha hata sehemu ndogo ya gigahezi moja.

Kuna tatizo la pili ambalo wengi hawalioni: plazma yenyewe inawaka 541.9 hata bila leza yako, tena kwa nguvu zaidi. Basi unaikatakata leza kwa sahani yenye mapengo inayozunguka, mfano mara elfu moja na ushee kwa sekunda, na kifaa cha kupokea kinahesabu mwanga unaopigapiga kwa mdundo huohuo tu. Mengine yote kinayatupa.

Kuhusu uga wa umeme: ioni zikiwa hazigongani njiani, nguvu iliyopata inatoka kwa umeme peke yake. Unapima kasi milimita kwa milimita kwenye mhimili. Uga pale ni (m/e) × v × dv/dx, ambapo m ni tungamo la ioni, e ni chaji yake, v ni kasi na x ni mahali ilipo. Yaani mteremko wa kasi unakuchorea uga wa umeme bila waya wowote. Utakuta volti mia kadhaa zinaporomoka ndani ya sentimita moja au mbili karibu na mdomo. Kumbuka tu onyo la mzee hapo juu: v ya nani? Na zenoni ina isotopu tisa za asilia (atomi za zenoni zenye uzito tofauti) zinazotanua mstari, usije ukadhani huo upana wote ni joto.

Binti_Machame

Nimeelewa! Asante sana. Nitaijaribu na data niliyoipata kwenye makala moja.

Mwl_Kibosho

Mimi ni mwalimu, nafundisha sekondari huku Kibosho. Swali langu ni la uhai wa injini. Mmesema inamomonyoka. Kama inapaswa kuishi miaka angani, wanaipima miaka hapa chini?

Mwanga_wa_Tengeru

Mwalimu, ndiyo, na wamewahi. Injini ya ioni ya NASA inayoitwa NEXT iliwashwa kwenye tangi zaidi ya saa 50,000, jaribio likaisha 2014. Hakuna taasisi itakayofanya hivyo kwa kila toleo jipya.

Hapo ndipo mwanga unafupisha. Ukuta wa nitridi ya boroni ukilika, atomi za boroni zinaruka nje. Ni chache mno, ukipitisha mwanga mara moja huoni kilichomezwa. Basi kundi la Azer Yalin pale Colorado State liliweka vioo viwili vinavyorudishiana mwanga maelfu ya mara kupita mbele ya injini, kwa rangi ya urujuanimno ya karibu nanomita 250 ambayo boroni huimeza. Hutazami umebaki mwanga kiasi gani. Unatazama unafifia kwa haraka gani. Boroni ikiwepo, unafifia mapema zaidi. Unapata kasi ya kulika kwa ukuta siku hiyohiyo, na ukibadili volti au sumaku unaona mabadiliko papo hapo.

Kuna pia njia ya mawimbi ya redio mafupi, haina vioo wala leza. Ukipitisha wimbi la gigahezi 90 kwenye sentimita 10 za plazma yenye elektroni 10¹⁷ kwa mita ya ujazo, awamu yake inasogea nyuzi tano hivi. Inapimika, ila inakupa wastani wa njia nzima.

Chalii_wa_Ngarenaro

Mimi nataka kununua hiyo leza ya 834 mtandaoni nijaribu geto. Kuna za bei poa.

Mzee_wa_Ombwe

Kijana acha. Leza usiyoiona ndiyo inayopofusha, maana jicho halikonyezi.

Mwanga_wa_Tengeru

Msikilize mzee. Bila miwani yake maalumu usiiguse. Anza na kitu kinachowaka chenyewe.

FundiArgoni_UngaLtd

Sasa tufanye kweli. Mimi nina moto, Mama Vito ana spektroskopi, mleta mada ana spektromita. Jumamosi mchana karakana haina kazi nyingi. Nilete nini?

MamaVito_ClockTower

Ya kwangu ni ya kutazama kwa jicho, moto wa kuchomelea siutazami hata kwa shilingi milioni.

Mwanga_wa_Tengeru

Sahihi dada, hakuna anayechungulia kwa jicho hata kupitia spektroskopi. Tutatumia spektromita yenye waya wa nyuzi za kioo. Fundi, andaa elektrodi safi, sahani ya shaba ya kupoozwa kwa maji kama unayo, maana aluminiamu itaingiza mistari yake na kutuchanganya, na funga mlango kuzuia upepo usiipeperushe argoni. Mkondo tuuweke mahali pamoja tusiuguse. Nitaweka mwisho wa waya mita moja kutoka kwenye moto, pembeni, nyuma ya lenzi yenye kioo cha kutolewa kafara mbele yake kwa ajili ya cheche.

Kabla ya hapo nitapima taa ya halojeni ya kawaida, kwa sababu kihisi changu kinaona 750 vizuri kuliko 811, na bila kusawazisha hilo joto letu litatoka uongo. Mistari ya bluu ya ioni za argoni, 480.6 na 488.0, tutaitazama katikati ya moto tu, huko pembeni itakuwa imezimika.

Binti, ukiweza kushuka Arusha njoo na kompyuta yako. Data ikishapatikana nitaiweka hapa ghafi, kila mtu apige hesabu yake kivyake kabla hatujaonyeshana majibu.

Binti_Machame

Nakuja. Napanda Coaster ya saa kumi na mbili asubuhi.